Programu za fonolojia: bei ni sifuri, gharama iko kwingine

Ukitaka kuchunguza kwa kompyuta sauti za Kidaw'ida, Kisaghala au Kitaveta, lugha za Taita-Taveta nchini Kenya, leseni isikutishe. Programu nne zifuatazo ni za bure. Tofauti yao ni kazi zinazofanya, kompyuta zinazohitaji na muda zitakaokula.

Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, hupima sauti yenyewe: toni, urefu wa irabu, nguvu ya sauti. Hukubali Windows, Mac na Linux. Kidaw'ida kina toni, na tahajia haiionyeshi. Hivyo anzia hapa.

FLEx, ya shirika la SIL, hutunza kamusi na kuchambua maneno. Ni nzito kupakua na haina toleo la Mac. Itakufaa ukishakuwa na mamia ya maneno.

foma, ya Mans Hulden, hujaribu kanuni za sauti. Iambie kwamba ki- ya Kiswahili hugeuka ch- mbele ya irabu: itatoa chakula na chombo sawasawa, kisha itakuharibia kioo na kiongozi. Hapo ndipo unapojua kanuni yako imepwaya. Haina vitufe, kila amri unaiandika.

OTSoft, ya Bruce Hayes wa UCLA, ni ya wafuasi wa wanaisimu Prince na Smolensky, waliodai mwaka 1993 kwamba lugha zote zina masharti yale yale, ila kila moja huyapanga kwa daraja lake. Masharti 10 yana mipangilio 3,628,800; kuipitia yote ni kazi isiyowezekana kwa kalamu, na hapo OTSoft husaidia. Ni ya Windows. Mwenye Mac atapata zana kama hiyo ndani ya Praat.

Gharama halisi ni rekodi. Faili ya WAV ya hertzi 44,100, biti 16 na chaneli moja hula takriban MB 5 kwa dakika, zaidi ya MB 300 kwa saa. Ibebe kwa flashi, uokoe bando. Common Voice ya Mozilla ina sauti za Kidaw'ida bila malipo, lakini ni MP3 za sentensi zilizosomwa: zinatosha kutafuta mifano, si kwa vipimo vya kina.

Mwenye bajeti finyu achukue Praat, na fedha aziweke kwenye maikrofoni, nauli ya Sagalla, Wundanyi au Taveta, na shukrani kwa wazee watakaomkalia kikao. foma ifuate akishapata kanuni ya kutetea. OTSoft ingoje hadi msimamizi aidai.