Trekta la zamani: toa dainamo, funga alteneta

Msimu uliopita trekta la kikundi chetu, Massey Ferguson 135, lilitulaza siku tatu mvua ndo imekolea. Wateja wa kulimiwa wakahamia kwa mwingine. Injini nzima, dizeli ipo, betri imekufa. Na betri yenyewe mpya!

Shida ilikuwa dainamo. Zile za zamani hutoa kama ampea 22 tu, na injini ikizunguka taratibu hazitoi kitu cha maana. Sisi tulikuwa tumeongeza taa mbili za kulimia usiku, wati 55 kila moja. Hizo pekee zinakula ampea 9.

Alteneta yenye regyuleta ndani yake hutoa ampea 45 hivi, na huanza kuchaji mapema. Tena lile boksi la regyuleta la zamani linatoka na nyaya zake zote. Zinabaki mbili: mnene wa kwenda chanya ya betri, na mwembamba wa kwenda taa ya chaji kupitia swichi. Usidharau hiyo taa. Umeme unaopita humo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, huenda isichaji kabisa.

Waya mnene usirudishie ule wa zamani, haukuwekwa kwa mzigo huu. Tulinunua wa milimita za mraba 10, tukaweka fyuzi karibu na betri. Nyaya nyingine nilizikuta zimeungwa kwa mifuko ya nailoni (kila fundi aliyepita aliacha yake!), tukang'oa zote.

Kabla ya kufunga, angalia upande gani wa betri umeshikwa kwenye bodi. Baadhi ya matrekta ya zamani ya Uingereza yalishika chanya. Alteneta za kawaida zinataka hasi; ukigeuza, dayodi zinaungua papo hapo. Pia baadhi ya dainamo ndizo huzungusha kebo ya mita ya masaa. Kama lako ni hivyo, masaa ya sevisi utayaandika daftarini.

Ukimaliza, washa injini, pima betri. Volti 13.8 hadi 14.4 ni safi. Ikibaki chini ya 13, anza na mkanda, mara nyingi umelegea. Ikipita 15, regyuleta mbovu, itapika betri. Na fundi akitaka kuchomoa betri injini ikiwaka, eti apime chaji, mkatalie. Anaweza kuiua alteneta mpya hapo hapo.