KUDARIZI: TUANZIE WAPI?

Katika kudarizi misalaba kwa kuhesabu, ua halichorwi juu ya kitambaa. Tunatazama picha yenye vijumba, tunahesabu, ndipo tunashona. Kijumba kimoja ni msalaba mmoja.

Wengi wetu tulianzia pembeni, bila kupima. Mwanzoni kazi ilipendeza. Lo! Kufika upande wa pili, kitambaa kimekwisha na ua bado nusu. Tukafumua kazi ya wiki mbili, na uzi ukachakaa.

Basi, anzia katikati. Kunja kitambaa mara mbili, kiwe robo. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Tia alama kwa uzi wa rangi nyingine. Kisha tafuta katikati ya picha: nusu ya upana na nusu ya urefu. Sindano ianze hapo.

Lakini kabla ya kukata kitambaa, piga hesabu. Tuseme kitambaa kina vijumba 14 kwa inchi, na picha ina vijumba 84 kwa upana. 84 gawanya kwa 14 ni inchi 6. Ongeza inchi 3 kila upande. Kata inchi 12. Fanya vivyo hivyo kwa urefu.

Ukishapima hivyo, hata pembeni waweza kuanzia: ingia ndani inchi 3 toka ukingoni. Ndugu zetu, hesabu ya darasani huokoa kitambaa.