Mabano Yanayoiunganisha Newala na Masasi

Anayefungua ukurasa wa Newala, mji wa kusini mwa Tanzania, katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, akaingia kuhariri matini yake ghafi, hakuti mafumbo ya wataalamu. Anakuta Kiswahili na alama chache. Ritifaa tatu kila upande hukoleza neno, mbili hulilaza. Mabano mawili ya mraba kila upande, kwa mfano [[Masasi]], humshusha msomaji kutoka uwanda wa Makonde hadi mji ulio chini yake. [[Benjamin Mkapa]] humfikisha kwa rais wa zamani aliyezaliwa Lupaso, karibu na Masasi, mwaka 1938.

Urahisi huo ulikusudiwa tangu mwanzo: Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyefungua wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, mwaka 1995, ili watu waandike pamoja bila kujifunza HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti.

Je, ritifaa hizo hazigongani na ng' ya Kiswahili? La. “Ng'ombe” ana moja tu, na programu ya wiki huanza kuhesabu kwenye mbili. Markdown ya John Gruber, mfumo mwingine wa alama nyepesi, wa mwaka 2004, ilichagua nyota, na hapo ilipatia: anayetuma bei ya korosho kwa WhatsApp huizungushia nyota ili ikolee.

Alama bora kwa tovuti ya wengi ni zile ambazo mgeni huzielewa kwa kutazama kazi ya mwenzake. Mwenyeji wa Newala anayeijua historia ya mji wake afungue ukurasa huo, aandike.