Nyumba kongwe za Lamu: Chokaa kwanza, mapambo baadaye

MGENI anayenunua nyumba kongwe mtaani Mkomani, kisiwani Lamu, huwa tayari ana picha ya sebule akilini: taa ya shaba kutoka Morocco, zulia la Uajemi, pengine na kasha la Zanzibar. Hapo hajakosea. Tangu jadi nyumba hizo zilipambwa kwa vitu vya safari.

Chumba kiitwacho ndani kilikuwa na ukuta uliojaa zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa. Humo zilipangwa bakuli na sahani za kauri kutoka China, zilizofika kwa majahazi. Aliyeziona alijua kwamba mwenye nyumba ana mkono ng'ambo.

Kosa huanza pale fundi anapofungua mfuko wa saruji.

Kuta hizo, zenye unene wa karibu nusu mita, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo hufyonza unyevu wa ardhi, nayo chokaa huuachilia utoke taratibu. Saruji huuziba. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na hatimaye ukuta hubambuka vipande vipande, pamoja na zidaka zenyewe. Isitoshe, nyumba nyingi zimeshikana, ukuta mmoja ukitumiwa na jamaa wawili. Unyevu uliozuiwa huku huweza kujitokeza kwa jirani ambaye hakukarabati chochote.

Dari nayo ina hesabu yake. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 3 au chini ya hapo, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti za mkoko humudu chini ya dari nzito ya mawe. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate sebule pana huziondolea boriti egemeo lake.

Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001, na nchini turathi kama hizo zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Ni busara basi mwenye nyumba kuwaona maafisa wa Makavazi ya Kitaifa kabla ya kugusa ukuta, na kutembelea nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iliyokarabatiwa mjini humo kuwa makumbusho. Zidaka zake zingali wima.