Msitu wa Kilimanjaro, picha za angani na haki ya jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya sala ya Isha katika msikiti mmoja mjini Moshi, kijana aliniuliza suali ambalo nimeona bora nilijibu hapa, ili na sisi wa visiwani tufaidike. Alisema: "Sheikh, bibi yangu ameokota kuni msituni tangu usichana wake. Leo akiingia anahesabiwa mkosa, na huko juu kuna setilaiti inayotazama. Je, kuni zile ni haramu? Na picha ya angani inatosha kumhukumu mtu?"

Kwa nini suali hili linatuhusu

Wengi hudhani maji ya Kilimanjaro yanatokana na theluji ya kileleni. Sehemu kubwa sana hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Maji hayo hupita katika mifongo, yaani mifereji ya wenyeji inayonywesha vihamba vya migomba na kahawa, kisha huingia Mto Pangani, hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya Hale na Pangani. Umeme wake huingia gridi ya taifa, na tangu 2010 Pemba hupata umeme wa gridi hiyo kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Basi anayewasha taa Wete au Chake Chake ana fungu lake katika msitu ule.

Msitu ulivyolindwa

Mwaka 1941 ulitengwa ukanda pembeni mwa msitu, ambao wenyeji huuita "nusu maili", ili wanavijiji wapate kuni, miti ya kujengea na majani ya ng'ombe. Usimamizi wake ulikuwa chini ya baraza la Wachaga. Baadaye usimamizi ulitoka mikononi mwa wenyeji na ukanda ukachakaa. Mwaka 2001 watafiti waliuzunguka mlima kwa ndege ndogo wakaandika walichokiona: maelfu ya miti ya mkulo, wenye mbao za thamani, imekatwa kinyume cha sheria, na tanuri za mkaa zinafuka. Mwaka 2005 hifadhi yote ya msitu, pamoja na nusu maili, ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo sheria yake ni kali zaidi. Mkulo ukapata mlinzi, lakini yule bibi akafungiwa mlango.

Setilaiti inaona nini

Setilaiti zinazopima joto la ardhi hupita juu yetu mara chache kwa siku. Zikikuta joto lisilo la kawaida huweka alama kwenye ramani, na katika zile zinazotumika sana alama moja ni kipande cha kiasi cha mita 375 kila upande. Wingu zito huzizuia, na moto mdogo wa mrina asali unaweza kuzipita bila kuonekana. Kwa hiyo chombo kinajulisha kwamba mahali fulani panawaka. Nani amewasha, na kwa nini, hakijui.

Mwezi wa Oktoba 2020 uliwaka moto ulioteketeza zaidi ya kilomita za mraba 95 za mlima. Askari wa hifadhi hawakuuweza peke yao. Wanavijiji na wanafunzi walipanda kuukabili. Mwezi wa Agosti 2022 shirika la simu la taifa, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Oktoba ya mwaka huo huo moto mwingine ukazuka karibu na kambi ya Karanga. Habari inafika haraka zaidi sasa, na hilo ni jambo la kheri. Lakini bado anayehitajika ni mtu wa kupanda na panga na matawi mabichi, na mtu huyo ni jirani wa msitu.

Sheria yetu inasema nini

Kutenga eneo kwa maslahi ya umma si jambo geni katika Uislamu. Linaitwa *hima*. Mtume (S.A.W) alilitenga bonde la Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akabainisha kwamba hima ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, yaani si ya mkubwa yeyote kujinufaisha.

Sayyidna Umar (R.A) alipomweka Hunayy kuwa msimamizi wa hima, imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri, akiwataja Ibn Awf na Ibn Affan kwa majina. Sababu aliieleza mwenyewe: mifugo ya hao ikifa, watarejea kwenye mitende na mashamba yao. Ya maskini ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa.

Kwa msingi huo, majibu yangu ni haya:

1. Kukata mti mbichi wa hifadhi kwa biashara ni kuchukua mali ya umma bila haki. Ni haramu, na umasikini wa mkataji hauhalalishi utajiri wa mnunuzi anayemtuma.

2. Bibi anayehitaji kuni kavu za jiko lake asiingie kwa kificho. Aombe ruhusa kupitia serikali ya kijiji. Na wenye mamlaka wana wajibu mbele ya Mwenyezi Mungu kumtafutia njia, kwa siku maalumu au kwa miti ya kuni kijijini. Hima inayomfungia dhaifu na kupitwa na mwenye gari la mbao haifanani na hima ya Umar.

3. Picha ya angani ni *qarina*, yaani dalili. Inatosha kutuma watu wakaangalie, haitoshi kumtia mtu hatiani. Qur'ani katika Surat al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Sura hiyo hiyo imekataza kupelelezana. Kwa hiyo ndege isiyo na rubani ikitazama msitu wa umma hakuna ubaya, ama ikielekezwa uani kwa watu, hairuhusiwi.

Na sisi visiwani

Sheria yetu ya misitu ya 1996 imefungua njia ya vijiji kufunga makubaliano na serikali na kusimamia misitu yao, na mradi ulioanza 2010 Unguja na Pemba ukaitwa HIMA, kwa maana ya Hifadhi ya Misitu ya Asili ya Jamii. Jina limesibu. Basi unayeishi karibu na Jozani au Ngezi, uliza kamati ya shehia yako: nani anaruhusiwa kuni, kwa siku zipi, na faini zinakwenda wapi? Na ewe mnunuzi wa mkaa, muulize muuzaji umetoka wapi kabla hujalipa. Kuuliza huko ni katika kulinda amana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa alichotukabidhi. Wallahu a'lam.