Imbuga na Kafira yake: Pazia la mtunzi mbele ya watawala

APRILI 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere, Kaunti ya Kakamega, walipanda jukwaani katika Tamasha la Kitaifa la Drama mjini Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuigiza. Tamthilia yao, Echoes of War, iliyotungwa na aliyekuwa seneta wa kaunti hiyo, Cleophas Malala, ilikuwa imezuiwa kabla ya Mahakama Kuu kuamuru iruhusiwe. Malala alikamatwa, nao polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi kuwatawanya watu.

Kisa hicho kinamkumbusha msomaji mtunzi mwingine wa magharibi mwa Kenya, Profesa Francis Imbuga, ambaye aliwasema watawala kwa miongo kadhaa bila kutiwa kizuizini. Aliwezaje?

Imbuga alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Maragoli, lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega hadi Vihiga ilipofanywa wilaya mwaka 1990. Alisomea Alliance High School na Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Alifariki Novemba 2012 akiwa na umri wa miaka 65.

Tamthilia iliyompa sifa, Betrayal in the City, ilichapishwa mwaka 1976, wakati wa hofu. Mwaka uliotangulia, mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa. Mwaka huo huo wa 1976, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitahadharisha kwamba hata kuwazia kifo cha rais lilikuwa kosa la jinai.

Ilhali katika tamthilia hiyo mwanafunzi Adika anapigwa risasi katika maandamano, na mhadhiri Mosese, aliyethubutu kusema kwenye mazishi yake, anasingiziwa kumiliki dawa za kulevya na kufungwa. Hatimaye wafungwa wanatakiwa kuigiza mchezo kwa heshima ya kiongozi mgeni. Wakati wa mazoezi, silaha za maigizo zinakuwa za kweli, na mtawala, Boss, anajikuta mbele ya mtutu.

Imbuga alijisitiri kwa njia tatu. Kwanza, aliihamishia hadithi Kafira, nchi isiyokuwa katika ramani yoyote. Mwenye kuzipanga upya herufi za jina hilo hupata Afrika, lakini hakuna waziri aliyeweza kulalamika kuwa ametajwa. Pili, aliwapa ukweli watu wasiotiliwa maanani. Jusper, nduguye Adika, huonekana mwendazimu. Mulili, askari na jamaa ya Boss, huzungumza Kiingereza kilichovunjika kiasi cha kuangusha ukumbi kwa vicheko, na hadhira hugundua baadaye kwamba tamaa yake ya zabuni ya maziwa imemgharimu mtu maisha. Tatu, Boss hauawi. Anayepigwa risasi ni Mulili, na mtawala anaachwa ajitazame.

Hata hivyo, ucheshi pekee hautoshi kuwa jibu. Oktoba 1976, tamthilia hiyo ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa, Nairobi, sambamba na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Zote mbili ziliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwanzoni mwa 1977. Ngũgĩ alitiwa kizuizini Desemba 31 mwaka huo, baada ya wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Alamin Mazrui naye alizuiliwa mwaka 1982, baada ya kuandika Kilio cha Haki kwa Kiswahili kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa shamba.

Kafira ilizungumza Kiingereza. Waliopita darasani waliielewa, lakini mkulima wa Maragoli hakusikia kilio chake katika lugha yake. Hiyo ndiyo bei ya pazia la Imbuga: lilimlinda mtunzi kwa kuwaacha nje wengi waliodhulumiwa.

Kilichofuata kiliipunguza bei hiyo. Betrayal in the City iliingia miongoni mwa vitabu teule vya shule za upili na ikatafsiriwa kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini. Watoto wa wakulima hao waliisoma, wakaiigiza na kuitungia insha. Imbuga aliongeza Aminata, kuhusu mwanamke wakili anayenyimwa na ami yake ardhi aliyoachiwa na babake, miaka mingi kabla ya Katiba ya 2010 kupiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo.

Leo, wengi wa vijana wanaelewa lugha ya jukwaa la shule, na simu husambaza mchezo kabla ya majaji wa tamasha kutoa alama. Nchi ya kubuniwa haimfichi tena mtunzi, kwa kuwa hadhira imeshajifunza kuisoma, na Imbuga ni mmoja wa walioifundisha. Kilichobaki kuwalinda waigizaji ni sheria, na kule Nakuru amri ya mahakama haikutosha kuwawezesha wasichana wa Butere kuigiza.