Furaha ya Anayengoja

Jioni ya usiku usio na mwezi, mitumbwi ya dagaa huondoka Kibirizi na Katonga ikiwa imeshikanishwa miwili miwili kwa miti, na wavu wa kuinua ukiwa baina yake. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Hata hivyo kazi yenyewe haikubadilika. Taa huwashwa, kisha watu hungoja. Dagaa hupanda taratibu kutoka vilindini wakiufuata mwanga, na mvuvi asiye na subira, akiinua wavu kabla ya wakati, huambulia maji. Mwezi unapokuwa mpevu hali ni nyingine kabisa: mwanga umetapakaa juu ya ziwa zima, samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na wavuvi hubaki mwaloni wakishona nyavu zao.

Twayasema haya kwa kuwa tumo katika Majilio, zile Dominika nne zinazotangulia Noeli, na kwa kuwa hatuoni watu wanaofaa zaidi kutufafanulia majira haya kuliko wavuvi wa Kigoma. Giza ambalo wengine huliona kuwa hasara, kwao ndilo msimu wa kazi. Na kungoja kwao si kukaa bure.

Hatuna budi kukiri kwamba Desemba ya wengi wetu haifanani na hiyo. Tangu juma la kwanza la mwezi, maduka ya mjini na ya Mwanga hujaa watu wanaotafuta vitenge, viatu vya watoto na mchele wa sikukuu. Si dhambi kumvika mtoto nguo mpya, na mzazi anayemwona bintiye akizunguka mbele ya kioo ana haki ya kutabasamu. Lakini twajua pia kuna wanaoinunua siku hiyo moja kwa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la "kausha damu". Sikukuu hupita tarehe 25, deni huamka tarehe 26, na shule zinapofunguliwa Januari madaftari na sare havipatikani. Katika nyumba za namna hiyo baba hununa, mama hunyamaza, na watoto hujifunza mapema kwamba furaha ni kitu cha kukodi. Wanaofanya hivyo si wajinga. Mara nyingi wanaogopa tu kuonekana wameshindwa mbele ya majirani.

Je, Kanisa lenyewe linaiweka wapi furaha hiyo? Yafaa tuitazame Dominika ya tatu ya Majilio, ambayo kwa desturi ya Wakatoliki, na ya Waanglikana wengi pia, ndiyo Dominika ya Furaha. Siku hiyo padre aweza kuiweka kando zambarau ya toba na kuvaa rangi ya waridi. Mtu angetazamia masomo ya shangwe tupu. Kumbe katika mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo, Injili ya siku hiyo humleta Yohane Mbatizaji akiwa gerezani, akiwatuma wanafunzi wake kuuliza kama Yesu ndiye yule aliyetazamiwa au wangoje mwingine. Ni swali la mtu aliyechoka na kuingiwa na mashaka. Katika mwaka mwingine husomwa maneno ya Mtume Paulo akiwahimiza Wafilipi wafurahi siku zote. Naye aliwaandikia akiwa mfungwa. Katika mwaka huo huo Yohane anaulizwa na umati wafanye nini, naye hawatumi hekaluni wala jangwani, bali anawaagiza wenye kanzu mbili wamgawie asiye nayo.

Hatuamini kwamba wazee waliopanga masomo hayo walikosea. Kwa maoni yetu walitaka ieleweke kwamba furaha ya Mkristo haingoji mambo yawe mazuri kwanza. Ina mlango hata katika gereza, na mlango huo mara nyingi ni mtu mwingine mwenye shida.

Huenda msomaji akatuambia kwamba ni rahisi mno kumhubiria furaha mtu mwenye njaa. Ana haki ya kusema hivyo, nasi twamjibu kwa kumtaja mtu wa mwambao huu huu. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwaka 1879, baada ya safari ndefu kutoka Bagamoyo. Waliukuta mji huo ukiwa soko la pembe za ndovu na la binadamu. Watu walivushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, ili wapelekwe pwani kwa miguu. Baadaye wamisionari hao walikuwa na kituo kusini zaidi, huko Karema, ambako leo ni mkoani Katavi. Hapo, mwaka 1889, alifika kijana mmoja mwenye jina la Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo sasa ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe nchini Aljeria na kusomeshwa utabibu kisiwani Malta.

Kama Atiman angeishi maisha yake yote kwa uchungu, nani angemlaumu? Badala yake alikaa Karema akiwatibu watu mpaka kifo chake mwaka 1956. Ni miaka 67. Mjerumani alikuja akaondoka, Mwingereza akaja, vita viwili vikuu vya dunia vikapita, naye yupo kando ya ziwa akifunga vidonda vya watu ambao hakuzaliwa nao wala hawakusema lugha ya mama yake. Mtu hakai mahali miaka yote hiyo kwa kulazimishwa, wala kwa furaha inayotokana na nguo mpya.

Na hatuna haja ya kurudi nyuma sana. Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikwama katika kijiji kidogo cha Kagunga, kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile iliyoingia majini hapa Kigoma mwaka 1915, ilitumwa kuwachukua. Wengi wao waliishia Nyarugusu, kambi iliyokwisha kuwapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Wapo waliozaliwa humo na kuwa wazazi humo humo, Majilio baada ya Majilio. Mkristo wa mjini anayedhani amekwisha kuelewa neno "kungoja" angefanya vyema kuwafikiria hao kabla hajaanza kulalamika kwamba kuku wamepanda bei.

Twaongeza neno moja kwa ndugu zetu Waislamu wa Ujiji, ambao huenda wakaona mazungumzo haya si yao. Wao wanaujua mfungo, na wanajua jinsi futari inavyompendeza aliyefunga kweli kupita aliyekula mchana kwa siri. Sahani huvuka uzio siku ya Idi, nazo huvuka tena siku ya Noeli, na hakuna anayeulizwa risiti.

Desemba ni mwezi wa mvua huku kwetu, na dagaa walioanikwa mchangani huharibika upesi. Akina mama wanaotumia vichanja wana nafuu kidogo. Mwaka ambao mkesha wa Noeli huangukia siku za giza, kengele za kanisa hulia huku baadhi ya akina baba wakiwa majini, taa zimewashwa na wavu umeshushwa. Nyumbani mke huwa amekwisha kumwekea chakula chini ya kawa, na mlango haukufungwa kwa komeo.